Nilivyoufuata mtego wa makumbi Camogli

Mimi ni mtu wa Jambiani, Unguja. Mama yangu ametulea kwa kamba. Makumbi anayafukia ufukweni bahari ikitoka, anayaacha miezi mpaka yaoze vizuri, anayafukua, anayapiga kwa rungu, kisha anakaa na wenzake kibarazani wanasokota. Harufu ya makumbi mabichi kutoka mchangani niliijua kabla sijajua kusoma.

Kwa hiyo bibi ninayemtunza hapa Genova, Italia, aliponiambia kwamba kwao Camogli, mji mdogo wa pwani jirani, jodari hunaswa kwa nyavu za nazi, nilidhani nimesikia vibaya. Kiitaliano nilikipatia hotelini Kiwengwa, na maneno ya uvuvi hayakuwamo. Nikamuuliza tena. "Cocco," akasema, na mikono yake ikachora nazi hewani. Huku mnazi hauoti. Nikaamua nitakwenda kuona mwenyewe.

Sisi tunaotunza wazee tunapumzika Alhamisi mchana na Jumapili. Nilichagua Jumapili moja ya Juni, maana mtego huo, wenyewe wanauita tonnarella, hukaa majini kuanzia Aprili hadi Septemba tu. Treni ya kawaida kutoka stesheni ya Brignole haifiki saa nzima. Ukikata tiketi ya karatasi, igonge kwenye kimashine cha stesheni kabla hujapanda. Bila alama ile unatozwa faini hata kama umelipa. Ukishuka Camogli unateremka ngazi, na mji wote uko mbele yako: nyumba ndefu nyembamba za rangi ya machungwa na waridi, zimebanana zikitazama bahari. Nilisimama kuhesabu madirisha, nikagundua mengine si madirisha, yamechorwa ukutani kwa rangi, na vivuli vyake.

Boti hazikwenda. Upepo wa kusini-magharibi, libeccio, ulikuwa umechafua bahari, na kibanda cha tiketi kimefungwa. Wenzangu wa pwani mtanielewa, mawimbi yakiwa vile huhitaji tangazo. Lakini nilikuwa na siku moja tu, na iliniuma. Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu bandarini, nikamsalimu, nikamweleza ninachotafuta na mama yangu anafanya kazi gani. Akaacha sindano yake. "Jumapili ijayo usingoje boti," akaniambia. "Pita San Rocco."

Nikafuata maneno yake. San Rocco ni kitongoji juu ya mlima, zaidi ya mita 200 kutoka baharini, na kutoka mjini unapanda ngazi za mawe karibu dakika arobaini. Hapo ndipo penye maji ya kunywa na kivuli, pumzika. Kisha njia inateremka msituni, inapita kanisa dogo la San Nicolò la karne ya 12, mpaka Punta Chiappa, ulimi wa mwamba ulioingia baharini. Gari halifiki. Vaa viatu vya kushika, ndara hazifai. Boti ikifanya kazi, nayo inatia nanga karibu na hapo kabla ya kuendelea San Fruttuoso, kwenye abasia, nyumba ya watawa, iliyojengwa ufukweni, nako pia hakuna barabara.

Kutoka mwambani niliviona vyelezo vimepangwa majini, na mashua. Wavuvi wanauvuta wavu kwa mikono, mara kadhaa kwa siku, wakiinama pamoja na kunyanyuka pamoja, kama jarife linavyovutwa kwetu. Mle ndani niliona samaki mmoja bapa, mkubwa, wakamnyanyua na kumrudisha baharini. Huyo huwa hawamchukui.

Niliporudi mjini kwa boti ya jioni, yule mzee alikuwepo. Akanipa kipande cha kamba. Sikuhitaji kukitazama, vidole vilishajua. Makumbi. Akaniambia yanatoka mbali kwa meli, na wavuvi husuka wavu wenyewe kila mwaka. Uzi wa nazi, alisema, unashika majani ya bahari, samaki wadogo wanakuja kula, na wakubwa wanawafuata. Na ukioza, bahari haidhuriki. Haya ya mwisho mama hunena kila siku anapoona kamba za nailoni zimetapakaa ufukweni.

Nikampigia simu ya video palepale gatini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko wapi, mbona upepo?"

Nikaisogeza kamba karibu na kamera. Akainyamazia kwa muda, akamwita Bi jirani aje aone. Wakaitazama wote wawili, wakaniambia niifumue ncha. Nikaifumua.

"Waulize," mama akasema, "makumbi yao wanayafukia miezi mingapi."

Nikamgeukia yule mzee nimtafsirie. Hakujua, huwafikia yakiwa uzi tayari. Basi mama akaanza kumfundisha, na mimi katikati nikitafuta Kiitaliano cha kufukia.