Friji iliyonirudia Japani

Jamaa aliyerudi Nairobi kabla yangu alinipa mawaidha matatu: pesa za pensheni zisahau, mama mnunulie jiko la wali la umeme, na friji iache jalalani usiku, watajua wenyewe la kufanya. Yote matatu yalikuwa upuuzi, nami nikafuata mawili.

Nilikuwa nimefundisha Kiingereza mwaka mzima katika mji mdogo wa mkoa wa Niigata, Japani, mpunga ukifika hadi chini ya dirisha langu. Mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa Julai. Benki, simu, gesi, kuaga pale ofisi ya mji kwamba nahama: hayo yalikwisha kwa siku mbili. Friji ndiyo iliyonitoa jasho.

Ilikuwa ndogo ya kapera, inanifika kifuani. Saa saba usiku niliilaza juu ya kigari cha shule cha kubebea viti, ambacho sikuomba ruhusa, nikaanza kuisukuma kuelekea kibanda cha taka. Vyura walikuwa wanapiga kelele mashambani, nami nikashukuru, kwa maana gurudumu moja lilikuwa linalia kuliko wao. Mita mia mbili zilinichukua nusu saa. Nikaisimamisha friji vizuri, mlango ukitazama ukutani kwa adabu, nikarudi kulala kama mtu aliyetenda wema.

Asubuhi lori la taka lilipita na kuiacha palepale. Saa moja kengele ikalia. Mlangoni alikuwa mzee wa mtaa anayesimamia taka, ameinama, na nyuma yake gari lake dogo la mizigo. Juu ya gari, friji yangu! Walikuwa wamebandika karatasi ya onyo, lakini si hiyo iliyonisaliti. Nilisahau kubandua sumaku ya mlangoni: ramani ya Kenya, na maneno “Hakuna Matata”. Mji mzima Mkenya ni mimi peke yangu.

“Sensei,” akasema, yaani mwalimu, “hii ni yako?”

Ningekana vipi?

Kule, friji, televisheni, mashine ya kufulia na kiyoyozi hazihesabiwi kuwa taka za kawaida. Kuna sheria yake. Unaenda posta, unalipia tiketi ya kutupia (yangu ilikuwa yeni elfu nne na kitu, sikumbuki sawasawa), kisha unapeleka mzigo kwenye kituo cha kuupokea. Kochi na vitanda vina utaratibu mwingine, wa kupiga simu na kununua stika. Yule mzee hakunikaripia. Alinipeleka posta, akanijazia fomu, akanifikisha kituoni, akakataa hela ya mafuta. Nilimpa pakiti ya majani ya chai ya Kericho niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya siku ngumu. Kigari cha shule nilikirudisha kabla ya kengele ya kwanza.

Jiko la wali nalo lilinitia aibu ya aina yake. Nilishalifunga sandukuni ndipo nikasoma kibandiko: volti 100. Kwetu umeme ni volti 240. Mama angelichoma siku ya kwanza, pengine na mapazia. Duka la vitu vya mitumba lilinipa yeni mia tano kwa kitu nilichonunua karibu elfu tisa, tena muuzaji akaniinamia kana kwamba amenipendelea.

Kuhusu pensheni sikumsikiliza jamaa, na ndiyo furaha yangu. Ukikatwa michango kwa miezi sita au zaidi, unaweza kudai pesa hizo ukishaondoka, ila isipite miaka miwili. Pensheni ya waajiriwa hukatwa kodi ya asilimia 20.42 kwanza, na hiyo nayo hudaiwa ukiacha mtu wa kukusimamia kodi huko. Mimi nilimwomba mwalimu wa hesabu, tukaandikishana kabla sijaondoka; usingoje hadi uko ndani ya ndege. Jiandae pia kwa kodi ya wakazi: aliyekuwepo Januari 1 huletewa bili kuanzia Juni, hata kama anafungasha.

Uwanja wa ndege kadi yangu ya ukazi ilitobolewa tundu, nikapita. Pesa za pensheni zilikuja miezi kadhaa baadaye, nikiwa nimeshakata tamaa kidogo. Nilimwonyesha mama salio kwenye simu. Akatazama, akatikisa kichwa, akauliza lile jiko la wali nililomwahidi liko wapi.