Sikukuu ya Brigid shuleni: nilivyotenganisha ya kanisa na ya mila

Januari ikifika katikati, shule nyingi za msingi za Ireland huanza maandalizi ya Sikukuu ya Mtakatifu Brigid, mtawa wa kale wa Ireland, tarehe 1 Februari. Watoto husuka misalaba ya nyasi na kusimuliwa miujiza ya mtakatifu, na shule nyingine huwa na misa. Tangu 2023 ni mapumziko ya kitaifa pia: Jumatatu ya kwanza ya Februari, isipokuwa tarehe 1 ikiangukia Ijumaa, ndipo mapumziko huwa Ijumaa hiyo. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo nilihitaji kujua mtoto ashiriki lipi na aache lipi.

Ukiuliza mitaani utapata majibu mawili yanayogongana. Mmoja atakwambia ni sikukuu ya Kikatoliki tupu. Mwingine ataapa kwamba ni ya mungu wa kike wa kale aliyevishwa utakatifu. Niliacha kuuliza sikukuu nzima ni ya nani. Nilichukua kila jambo peke yake nikatafuta liliandikwa mara ya kwanza lini, na nani.

Miongoni mwa maandiko ya zamani kabisa ni wasifu wa Brigid ulioandikwa kwa Kilatini na mtawa Cogitosus, karne ya 7, zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo cha Brigid kinachokadiriwa karibu 524. Humo kuna monasteri ya Brigid huko Kildare, yenye watawa wanaume na wanawake, na kanisa kubwa lenye ukuta wa mbao unaotenga wanaume na wanawake. Kuna pia miujiza: Brigid anatundika joho lake bichi kwenye mwale wa jua, anagawa siagi kwa maskini na siagi inarudi, anageuza maji kuwa bia kwa ajili ya wagonjwa. Hiyo ya bia ni heri uijue mapema kabla mtoto hajaileta mezani. Msalaba wa nyasi haumo. Mungu wa kike hayumo.

Huyo mungu wa kike anatokea katika Sanas Cormaic, kamusi ya maneno magumu ya Kiairishi inayohusishwa na Cormac mac Cuilennáin, askofu na mfalme wa Cashel aliyefariki 908. Inasema Brigit alikuwa binti wa Dagda, mungu wa hadithi za kale za Kiairishi, washairi wakimwabudu, naye alikuwa na dada wawili wenye jina hilo hilo, mmoja wa uganga na mwingine wa uhunzi. Tazama mpangilio: habari za mungu huyo zimetufikia kwa kalamu ya Mkristo, karne mbili na zaidi baada ya Cogitosus. Haimaanishi zimebuniwa. Imbolc, siku ya kale ya mwanzo wa majira ya kuchipua inayoangukia 1 Februari hiyo hiyo, imetajwa katika hadithi za kale za Kiairishi kama mojawapo ya siku nne zinazogawa mwaka, na inahusishwa na kondoo kuanza kutoa maziwa. Ila hakuna aliyeandika waabudu wa mungu huyo walifanya nini siku hiyo. Kitabu kikidai kwa uhakika kwamba msalaba wa nyasi ni alama ya jua ya wapagani, dai ushahidi.

Moto wa Kildare, uliotunzwa usizimike, nao unasimuliwa na Gerald of Wales, padri na mwandishi wa karne ya 12: watawa 19 wakipokezana zamu usiku mmoja mmoja, usiku wa 20 ukiachwa kwa Brigid mwenyewe, na ua ambao mwanamume haruhusiwi kuuvuka. Moto unaoonekana leo Kildare uliwashwa upya na masista wa Brigid mwaka 1993.

Mila za majumbani zina hazina yake. Kati ya 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi waliandika waliyoambiwa na wazee wao, na kurasa hizo, karibu 740,000, zinasomwa bure kwenye tovuti ya dúchas.ie. Tafuta jina la Brigid, kisha chuja kwa kaunti unayoishi. Usisome moja ukaridhika, maana kijiji na kijiji hutofautiana. Soma angalau kumi na mbili. Nilichokiona kikijirudia ni msalaba kuwekwa juu ya mlango au chini ya paa ili nyumba isiungue wala isiingiwe na maradhi, na kitambaa, brat Bríde, kuachwa nje usiku wa 31 Januari kisha kutunzwa kwa ajili ya kuumwa kichwa au ng'ombe anayezaa.

Hapo ndipo nilipopata mpaka wangu, na haukuwa pale nilipoutarajia. Kusuka nyasi ni kazi ya mikono. Kuutundika msalaba mlangoni ukinge nyumba ni hirizi, kwetu sisi. Jirani Mkatoliki atasema ni kama matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi, na kwa imani yake yuko sawa. Kwa hiyo: historia ndiyo, kusuka ndiyo, misa, sala kwa mtakatifu na kubarikiwa kwa misalaba, hapana.

Kisheria mlango uko wazi hata katika shule za Kikatoliki, ambazo ni karibu tisa katika kila kumi za msingi. Katiba, ibara ya 44.2.4, inalinda haki ya mtoto kusoma shule inayopata fedha za umma bila kuhudhuria mafundisho ya dini. Ugumu uko kwenye utekelezaji: mara nyingi mtoto hubaki darasani humo humo akiwa na kazi nyingine. Ndiyo maana barua ya jumla, "mwanangu asishiriki sikukuu", haimsaidii mwalimu. Andika wiki mbili kabla, taja kila tendo kwa jina, na tuma kitabu cha kusoma wakati wa misa.

Kusuka kwenyewe kunataka nyasi laini za kinamasi, zile za mviringo zenye moyo mweupe kama sifongo, urefu wa sentimita 40 hivi. Kwa mtoto zinatosha 17. Simamisha moja wima. Kunja ya pili katikati, izungushe kiuno cha ya kwanza, ncha zielekee kulia. Geuza kazi yote robo mzunguko kinyume cha saa, ncha hizo zitazame juu. Kunja ya tatu, ikumbatie zote zinazotazama juu, ncha kulia tena. Endelea hivyo hadi nyasi ziishe, kidole gumba kikibana kitovu muda wote. Mtoto akigeuza upande usio sahihi hata mara moja, mkono mmoja unarukwa na msalaba unapinda. Fungua hadi hapo, usijaribu kuficha. Nyasi zikipasuka kwenye kunjo zimekauka: ziloweke kwanza, kama ukindu wa mkeka. Zikiwa mbichi mno, hunywea zikikauka na kitovu hulegea, kwa hiyo funga ncha nne kwa mpira kwanza, na uzi wa kudumu uje baada ya siku chache, ukishavuta kila unyasi ukaze.