Nilivyofaulu kuona tabaka za yai la konokono wa Kivu

Vitabu vinasifu mayai ya koa wa bahari, yale yanayotagwa kama utepe wa ute uliozungushwa juu ya mwamba. Sisi wa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, bahari tunaisikia tu. Ila konokono bapa wa kando ya ziwa, Biomphalaria, ni wa ukoo uleule, na mayai yake yanajengwa karibu kwa mtindo huohuo: yai linapita kwenye tezi ya ute wa chakula, kisha linavikwa utando, mwisho linafunikwa ute wa nje.

Ukimtafuta, vaa glavu za mpira hadi kiwiko. Huyu ndiye anayebeba bilharzia. Mayai yenyewe hayaambukizi. Hatari iko kwenye maji alimoishi. Nyumbani niliwaweka kumi katika beseni la plastiki na majani ya saladi. Maji ya bomba niliyaacha wazi siku mbili klorini itoke. Chombo cha shaba usikiguse, kitawaua wote.

Ushauri wa kwanza niliopewa: kwangua mayai kwa wembe. Upuuzi. Fungu la mayai linashika jani kwa ngozi yake ya nje. Ukikwangua, ngozi inapasuka, ute unavimba, vifuko (kila kimoja na yai lake) vinatawanyika, na kesho yake vijidudu vya maji vimeshaingia kula. Nilipoteza mafungu sita hivyo. Dawa ni kumfanya konokono atage mahali unapotaka wewe. Wanapenda upande wa chini wa kitu kinachoelea, kwa hiyo nilichukua kipande cha frigoliti (povu jeupe gumu la kufungashia vitu), nikafunga chini yake kwa uzi plastiki angavu ya farde, jalada la karatasi (ya franga chache tu, hata iliyotumika inafaa). Wakishataga, kata plastiki kuzunguka fungu, uweke yote chini ya hadubini. Kukuza mara 40 kunatosha. Kioo cha juu kisiliponde fungu: weka vidonge vinne vya nta ya mshumaa kwenye pembe.

Sasa shida: kila kitu ni kama maji ndani ya maji. Nilitia wino wa bluu wa kalamu, ukapenya kote, fungu zima likawa bluu. Mwingine akanishauri iodini, eti kuna sukari humo, itageuka nyeusi kama kwenye muhogo. Haigeuki! Akiba ya chakula ndani ya kifuko ni galaktojeni, mnyororo wa galaktozi (aina ya sukari), si wanga. Nilichopata ni rangi ya iodini yenyewe.

Kilichofaulu ni wino wa China, ule wa wachoraji ramani. Rangi yake ni chembe za kaboni, si kitu kilichoyeyuka, basi haziwezi kupenya ute. Tone moja kwa matatu ya maji, na fungu linang'aa jeupe katikati ya weusi. Hapo utaona mpaka wa ngozi ya nje, ute unaoshikilia vifuko, utando wa kila kifuko, halafu majimaji ya chakula, na yai lenyewe ndani, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ganda la chokaa hakuna. Yai la konokono mkubwa wa shambani ndilo lenye chokaa. Lidondoshee ndimu uone mapovu.

Usihifadhi kwa alkoholi kabla ya kutazama, ute unasinyaa na kuwa mweupe kama yai lililochemka.

Kwenye digrii 25 watoto wanatoka kwenye mayai baada ya wiki moja hivi. Kwa baridi ya Bukavu ngoja zaidi. Koa wengi wa bahari hutoka wakiwa bado lava (mtoto asiyefanana na mzazi) wa kuogelea. Huyu wetu anapita hatua hizo zote akizunguka ndani ya kifuko, kisha anatoboa utando kwa ulimi wake wenye meno. Kifuko kitupu usikitupe. Tia wino tena: unaingia kwa lile tundu, na utando unaonekana mzima.