Samaki changu wa leo ana macho!

Bamvua, zile siku maji hujaa na kutoka sana, na sasa yametoka mpaka mwambani hapa Nyali. Yaliyobaki ni ya magoti, maangavu, chini unaona kila kikonokono.

Wavuvi mwajua: maji ya hivi samaki anakuona kabla hujamuona. Kivuli kikipita tu, hao!

Basi nikatoa chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, nikafunga mshipi mwembamba, kamba mdogo wa baharini kwenye ndoana awe chambo. Nikachutama nikielekea jua, kivuli kibaki nyuma.

Changu akaja.

Akasimama shubiri moja kutoka kwenye chambo, mapezi yanapepea, jicho linanitazama mimi, si kamba. Halafu akamnyofoa kamba taratibu, ndoana akaiacha, akaenda zake.

Wallahi nilicheka peke yangu. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, ngoja maji yajae."

Nyinyi mnatumia chambo gani maji yakiwa hivi? Ngisi?