Siku yangu kliniki ya presha: dripu ya lita mbili na mama wa dawa nne

Saa 11 alfajiri nishaamka, leo kuna mgonjwa wa kipimo cha dripu, kile cha kuangalia kama presha inaletwa na homoni, na hicho hakitaki mchezo, masaa manne mazima, halafu mwenyewe anatakiwa awe ametoka kitandani angalau masaa mawili kabla sijamtoa damu ya kwanza. Jana usiku nilimpigia kumkumbusha akasema sista hata usingizi sina, nasubiri tu kukuche.

Saa 2 kasoro robo nafika kliniki, yeye kashatoka Mbagala kitambo, kakaa benchi. Ana miaka 41, alikuja kwetu na dawa nne za presha na bado inasoma 170 kwa 100. Alikotibiwa mwanzo kila akienda anaambiwa mama wewe hunywi dawa, basi akaanza kutunza maganda ya vidonge, miezi minane, siku ya kwanza akayamwaga mezani kwangu yote. Iliniuma jamani. Na madini ya potasiamu kwenye damu yake yalikuwa chini, 2.9, miguu inakaza usiku, anaamka kukojoa mara nne na sukari hana. Mtu wa hivyo unamwambiaje hanywi dawa bila kumpima homoni?

Maana juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa aldosteroni, ndo inayoambia figo ishike chumvi na itupe potasiamu. Kawaida tezi inasubiri amri ya renini, kemikali inayotoka kwenye figo, sasa ikianza kujiamulia yenyewe aldosteroni inapanda, renini inazimika, na presha haisikii dawa. Kwa hiyo tunapima zote mbili, tunagawanya aldosteroni kwa renini. Yake uwiano ulitoka juu, leo tunathibitisha.

Saa 2:30. Presha 148 kwa 90, sawa, ingekuwa juu sana au ana moyo uliochoka nisingethubutu kumwekea maji yote hayo. Spironolaktoni, dawa inayozuia kazi ya aldosteroni, tulimsimamisha wiki nne zilizopita, potasiamu tukaipandisha kwanza kwa vidonge, kwa sababu ikiwa chini inaificha aldosteroni. Natoa damu, namwambia mama usikunje ngumi, ukikunja potasiamu inapanda ya uongo. Kijana wa maabara kaja na kiboksi cha barafu, nikamrudisha nacho, damu ya renini ukiipoza kabla ya kuizungusha kwenye mashine renini inasoma juu kuliko ilivyo. Kila mwezi nalirudia hili na ntaendelea kulirudia.

Saa 3 mpaka saa 7 mchana dripu inatembea, lita mbili za maji ya chumvi, amekaa kwenye kiti, presha kila nusu saa. Tezi yenye afya, mwili ukijaa chumvi, inanyamaza. Aldosteroni ya mwisho ikishuka vizuri tunatafuta sababu nyingine, ikibaki juu tumeipata, katikati hapo ndo madaktari wanakaa kuumiza kichwa. Nikamsimulia habari ya daktari Jerome Conn kule Michigan, Marekani, mwaka 1955 alieleza mwanamke wa miaka 34 mwenye presha, misuli kukaza na kuishiwa nguvu, wakakuta kauvimbe kwenye tezi moja, wakatoa. Akanyamaza sana, kisha akauliza, na mimi nitapasuliwa?

Swali zuri, na jibu lake halipo kwenye dripu. Saa 8 mchana kikaoni tulikuwa na hilohilo kwa baba wa miaka 56, kipimo kimethibitisha, picha ya CT inaonyesha kinundu kwenye tezi ya kushoto. Daktari mmoja anataka kukata. Mkubwa wetu akagoma, na mimi namuunga mkono kabisa, umri huo vinundu visivyotoa chochote ni vya kawaida, inawezekana tezi zote mbili zinamwaga, ukatoa moja presha ikabaki palepale. Inabidi apitishwe mrija mpaka kwenye mshipa wa kila tezi, damu ipimwe aldosteroni na kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizohizo, kotisoli ndo inakuhakikishia kweli umeingia mshipani, hasa wa kulia, ni mfupi na unaponyoka. Upande mmoja ukizidi sana, upasuaji. Zikiwa zote mbili, spironolaktoni miaka yote.

Saa 9 potasiamu ya mama imetoka 3.6, iko sawa, nikamruhusu. Aldosteroni inasafirishwa, tutasubiri. Mlangoni akageuka, sista yale maganda niyatupe sasa? Nikamwambia niachie, Alhamisi nina madaktari wapya wanaanza, nataka wayaone kabla sijawafundisha kitu kingine chochote.