Manyanya ya Mortgage Lifter yalivyonitoa jasho hapa Ohio

Kwetu Arusha nyanya nilizojua ni Rio Grande na Tengeru, unanunua sado sokoni unarudi home, kulima mwenyewe wala sikuwahi. Sasa nipo Columbus, Ohio, na nyanya za supamaketi za huku jamani, nje nyekundu, ndani kama unatafuna maji. Mzee mmoja jirani akanipa miche mitatu ya yale manyanya wanayoita beefsteak, mbegu ya zamani inaitwa Mortgage Lifter, yaani kiondoa deni la nyumba, akanihadithia aliyeizalisha ni fundi rejeta wa Logan, West Virginia, M.C. Byles, miaka ya 1940 huko akauza miche dola 1 kila mmoja mpaka akamaliza deni la nyumba la dola 6,000. Mi na mkopo wangu wa miaka 30 nikacheka, nikasema mzee lete.

Mwaka wa kwanza aibu. Mimea ilinipita urefu, majani tele, kumbe nilimwaga mbolea ya kukuzia nyasi, nikaona mbolea ni mbolea tu. Afu nyanya zilipoanza kujaa nageuza moja nakuta kitako cheusi kimebonyea kama ngozi ya kiatu, nageuza nyingine hivohivo. Nikampigia mama video, akaangalia weee, akasema "mwanangu, hizo zina kiu." Nikabisha, si nilishasoma ni upungufu wa kalsiamu, nikaanza kusaga maganda ya mayai nafukia, nyumba nzima tunakula mayai kila asubuhi mpaka watoto wakagoma, na hakuna kilichobadilika. Kumbe kalsiamu udongoni ilikuwepo, ila inapanda na maji, na mi nilikuwa namwagilia nikikumbuka, siku tano kavu, Jumamosi mafuriko.

Mwaka uliofuata mzee akanipa mbegu, nikasia ndani mwisho wa Machi kwenye vikopo vya mtindi dirishani, nikahamishia nje baada ya katikati ya Mei maana hapa baridi ya kuua miche inaweza kurudi Mei hiyohiyo. Shina nikalifukia karibu lote, linatoa mizizi huko chini. Matandazo ya mabua inchi 3, maji kila baada ya siku mbili tatu, taratibu, chini kwenye shina, sio juu ya majani. Vile vizimba vya waya vya dukani achana navyo, mmea ukibeba vinalala, mi nilikita vyuma vya futi 7 nikafungia vitambaa vya fulana kuukuu.

Kitako cheusi nilipata kwenye mbili tu za mwanzo basi. Shida ikawa kindi, anauma moja kidogo anaiacha anahamia nyingine, ushenzi mtupu. Saivi nachuma ikianza tu kubadilika rangi, inaivia mezani.

Kubwa kuliko zote ilipiga gramu 740 kwenye mzani wa jikoni, mikunjomikunjo, sura mbaya kweli. Nikakata kipande kimoja kikafunika mkate mzima, chumvi tu, nyama tupu mbegu za kuhesabu. Mke wangu akataka aikatie kachumbari, nikamwambia "mama, hii hapana, kachumbari tumia za dukani." Hizo mbegu chache nimeziloweka kwenye glasi zivunde ule ute utoke, leo siku ya tatu, jikoni kunanuka, kila akipita ananiuliza hicho kidude kinatoka lini, namwambia kesho.