Wakadhani Yumo Msafarani

Somo: Luka 2:41–52

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii zamu ya tafakari ni yangu, na sitaki kwenda mbali na jambo lililoijaa nyumba yetu tangu Pasaka. Mimi na mume wangu tunajiandaa kwenda hija kwa miguu. Ni ya kwanza. Tuna miaka ishirini na sita ya ndoa, na hatujawahi kutembea pamoja mwendo wa maana zaidi ya ule wa kutoka Kikwajuni kwenda kanisani na kurudi.

Mungu akipenda, mwishoni mwa Julai tutasali misa ya asubuhi hapa Minara Miwili, kanisa kuu letu la Unguja, tushuke bandarini Malindi, tuvuke. Upande wa pili tutaanzia Kanisa Kuu la Dar es Salaam, linalotazamana na bandari ya boti. Hapa kanisa ni la Mtakatifu Yosefu na kule ni la Mtakatifu Yosefu, kwa hiyo anayetuaga ndiye atakayetupokea. Halafu ni Barabara ya Bagamoyo: Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, mpaka kwenye msalaba ulio karibu na ufukwe wa Bagamoyo. Kilomita zinakaribia 70. Tumezigawa siku nne, maana hatushindani na mtu.

Wapo waliotuuliza kwa nini Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 wakavuka kutoka hapa kwenda kufungua misheni Bagamoyo. Injili ilipita mlangoni kwetu kabla ya kuingia bara. Lakini mimi kinachonivuta zaidi ni watu waliokombolewa utumwani. Katika soko la watumwa la Mkunazini, hapa Unguja, mpaka lilipofungwa mwaka 1873, mume aliweza kuuzwa kwa huyu na mke kwa yule, na wasionane tena duniani. Kule misheni, vijana waliokombolewa walifunga ndoa mbele ya altare, wakajengewa kijiji chao, wakalima. Watu wengi walifika Bagamoyo kwa miguu wakiwa na minyororo shingoni, nao walikuwa waume na wake za watu. Sisi wawili tutaingia mji huohuo kwa miguu, kwa hiari yetu, tukiwa pamoja. Kila nikilifikiria hilo natamani kuvua viatu.

Sasa tuliangalie Neno.

Maria na Yosefu walikuwa mke na mume wa hija. Luka anasema walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Kutoka Nazareti ni zaidi ya kilomita 100, siku kadhaa za vumbi, wakiimba zile zaburi za kupanda, ya 120 mpaka ya 134. Hawakuwa wageni wa njia. Walijua visima, walijua pa kulala, walijua ni nani katika jamaa anayekoroma na ni nani anayechelewa kuamka. Na ni hao wazoefu waliotembea kutwa nzima bila mtoto.

Luka anatumia neno moja kueleza jinsi ilivyotokea: walidhani. Walidhani yumo katika msafara. Hakuna aliyedanganya wala aliyegombana na mwenzake. Wahubiri wengi husema huenda Maria alidhani mtoto yuko na baba yake, Yosefu akadhani yuko na mama yake. Injili haikuandika hivyo, lakini aliyeishi ndani ya ndoa hahitaji kuandikiwa. Mkiwa mmezoeana sana, kuuliza kunaonekana ni usumbufu. Unajua jibu. Na kwa kuwa unajua, unapiga hatua nyingine, na nyingine, na jua linazama.

Mimi neno hilo nililipita miaka mingi. Mazoezi ya hija ndiyo yaliyonisimamisha juu yake.

Tulianza na Jumamosi. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri, tunapita Darajani, Saateni, Maruhubi, Mtoni, Kibweni, mpaka Bububu, kisha tunarudi kwa daladala. Jumamosi ya kwanza mwenzangu alishika mwendo wake wa siku zote, wa mtu aliyefanya kazi bandarini ujana wake wote. Mimi nina magoti ya mwalimu aliyesimama darasani miaka mingi. Tulipofika Saateni nilikuwa naiona fulana yake tu kwenye giza. Tulipofika Maruhubi sikuiona. Nilimkuta Mtoni, amekaa juu ya jiwe, roho imemruka. Akaniambia, "Mama, mimi nilidhani uko nyuma yangu hapa."

Nilidhani. Nilikaa naye pale juu ya jiwe nikamsomea Luka kwa kichwa, vile ninavyoikumbuka, na wote wawili tukanyamaza.

Tangu siku hiyo tumewekeana utaratibu. Mwenye mwendo mdogo ndiye anayetangulia. Tumeupata kwa Yakobo, katika Mwanzo 33, pale Esau anapomtaka waongozane na yeye anamjibu kwamba atakwenda polepole, kwa kadiri ya mwendo wa wanyama na wa watoto. Yakobo huyu ndiye aliyetoka kushindana mieleka usiku kucha na kuondoka akichechemea, kwa hiyo anajua mguu unaouma. Napenda sana kwamba hakuwaambia watoto wakaze mwendo. Na utaratibu wa pili: kukiwa na giza, kila baada ya muda mmoja anauliza, "Upo?" na mwingine anajibu, "Nipo." Mwanzo niliona haya. Sasa siwezi kutembea bila hilo.

Niwape na ya mwili, maana kuna wanajumuiya wawili wamekwisha kutuambia wanataka kufuata mwakani. Msinunue viatu vipya kwa ajili ya safari. Vaeni vilivyokwisha kuzoea mguu, na soksi mbili za kubadilisha kila siku. Malengelenge hayaanzi na maumivu, yanaanza na joto kidogo mahali pamoja, na hapo ndipo pa kusimama, ukakausha mguu na kupaka mafuta ya mgando. Kucha zikatwe siku chache kabla, si usiku wa kuamkia safari. Barabarani tembeeni upande wa kulia, mkiyatazama magari yanayowajia, na vaeni kitu cha kung'aa kabla jua halijachomoza. Mwendo wote uwe umekwisha saa nne asubuhi, mkapumzike kivulini. Tumechagua Julai kwa sababu masika yamekwisha na kuna kipupwe, lakini jua la barabara ya lami halina kipupwe. Mwenye presha au sukari amwone daktari kwanza, na asimfiche mwenziwe majibu. Mizigo iwe michache. Mimi nilitoa khanga nne kwenye begi nikabakisha mbili, na ilinigharimu kuzitoa.

Haya yote ni mepesi. Zito tulilipata kwa jirani.

Jirani yetu ni mama wa Kiislamu aliyehiji Makka na mumewe miaka iliyopita, na tumelea watoto wetu kwenye baraza moja. Aliposikia habari zetu alifurahi kama anakwenda yeye. Nikamuuliza, "Mama Hajjati, nyinyi mlijiandaa vipi?" Nilitegemea aniambie habari za viatu. Akasema walilipa madeni, wakaandika wasia, wakazunguka kwa jamaa na majirani kuomba radhi. "Mwisho," akasema, "tukaombana radhi sisi wenyewe, mimi na mzee. Tulianza baada ya Isha. Mwanangu, adhana ya Alfajiri ilitukuta bado."

Ndugu zangu, sisi pia tuna Mathayo 5:23–24, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza upatane na ndugu yako. Tunaisoma kila mara. Lakini ilibidi mama huyu anikumbushe kwamba ndugu wa kwanza analala upande wa pili wa kitanda changu.

Basi usiku mmoja tulichukua daftari la skuli. Tukakubaliana kila mtu aandike peke yake mambo mawili: nia anayokwenda nayo Bagamoyo, na kitu anachokiogopa. Nilikuwa na uhakika wa majibu yake. Nia ni ajira ya mtoto wetu wa kwanza. Hofu ni fedha, maana tangu tuanze kupanga yeye ndiye aliyekuwa akirudisha nyuma tarehe: tungoje mwezi ujao, tungoje mwakani, kwani lazima mwaka huu. Mimi nilishika moyoni kwamba hana mori wa mambo ya Mungu kama wangu. Nakiri mbele yenu, nilishamshitaki kwa Mungu zaidi ya mara moja.

Tulipobadilishana daftari, upande wa hofu alikuwa ameandika neno moja. Bahari.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli iliyokuwa ikienda Pemba ilizama mkondo wa Nungwi. Hakuna nyumba Unguja wala Pemba isiyokumbuka asubuhi ile, jinsi watu walivyojaa fukweni na kila mmoja anatafuta jina. Mwenzangu alikuwa na rafiki ndani yake. Nilijua hilo, nilikwenda msibani. Nisilolijua ni kwamba jioni ile walikula pamoja, na kwamba ni yeye aliyembebea mzigo mpaka kwenye ngazi ya meli na kumwambia aende, atafika salama. Kisha Julai 2012 meli nyingine, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam, ikazama karibu na Chumbe. Hakuwa amepanda chombo cha baharini tangu hapo. Misiba ya Dar nilikwenda mimi, mahafali ya mtoto Dar nilikwenda mimi, naye kila mara alikuwa na kazi. Nilidhani ni kazi.

Miaka yote hiyo nimelala karibu na mtu anayeogopa maji, katika kisiwa, na sikujua.

Nikarudi kwa Luka na nikaona nilichokuwa sijakiona. Maria anapomkuta mtoto hekaluni, baada ya siku tatu, anasema: "Tazama, baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta kwa huzuni." Baba yako na mimi. Alikuwa na kila nafasi ya kusema vingine. Siku ile ya kurudi Yerusalemu, mwendo wote ule wa kutwa walioufanya mara ya pili kwa hofu, kulikuwa na muda wa kutosha wa kuulizana ni nani aliyepaswa kumwangalia. Sijui walisemezana nini njiani. Ila walipofika, huzuni ilikuwa moja na ilikuwa ya wawili, na yeye Yosefu ametajwa kwanza. Tena hawakupata njia ya mkato. Walichopoteza kwa kudhani walikipata kwa kurudi nyuma, hatua kwa hatua, wakiuliza kwa jamaa na kwa wenzao.

Siamini kwamba hofu ya mume wangu ni upungufu wa imani, na nawaomba ndugu msimwambie hivyo, hata kwa nia njema. Zaburi ya 107 inawataja washukao baharini katika merikebu na inasema wazi kwamba nafsi zao ziliyeyuka kwa hali ile mbaya. Mungu hakuwakemea kwa kuyeyuka. Walimlilia, akawafikisha bandari waliyoitamani.

Basi ratiba yetu imebadilika. Kilomita 70 za barabara tumeziacha kama zilivyo, lakini mazoezi sasa ni ya aina mbili. Jumamosi ni miguu. Jumapili baada ya misa ni bahari. Jumapili ya kwanza tulikaa tu Forodhani, tukitazama boti zinavyoingia. Ya pili tulishuka mpaka maji ya magotini. Nia yake nayo nimeisoma, na ameniruhusu kuitaja: anakwenda kumwombea rafiki yake, na kumwambia Mungu kwamba yeye ndiye aliyemwambia aende. Tukifika Bagamoyo hiyo ndiyo itakayotangulia, za kwangu zitafuata. Na nyinyi mwenye nia ya kutukabidhi aniletee mapema, daftari lina kurasa.

Jumapili iliyopita tulipanda boti ya mbao kwenda kisiwa cha Changuu. Ni nusu saa, na nahodha, kijana mwenye adabu, alituchagulia saa ambayo maji yametulia. Mume wangu alikaa katikati ya boti, mikono ameikaza kwenye ubao. Tulipofika mahali ambapo Minara Miwili imekuwa midogo na kisiwa bado hakijawa kikubwa, alifumba macho. Nikamuuliza, "Upo?" Haikuwa giza, ilikuwa saa tatu asubuhi. Alikawia. Nahodha akapunguza mashine bila kuambiwa.

"Nipo," akasema.